Homa hupita kwa wiki, hasara hubaki miezi: Chikungunya iingizwe katika hesabu za biashara

WAFANYABIASHARA wengi wa masokoni wamezoea kuhesabu hasara ya ugonjwa kwa idadi ya siku ambazo meza ilifunikwa turubai. Siku saba za homa ni siku saba bila mauzo. Siku ya nane mtu anarudi, anawashukuru majirani waliomwangalizia mzigo, na daftari linaendelea pale lilipoishia. Kwa mafua hesabu hiyo inaweza kutosha. Kwa chikungunya ni hesabu ya uongo, na anayeitegemea hugundua kosa lake wakati mtaji umeshaliwa.

Ugonjwa huo, ambao huenezwa na mbu, huua watu wachache ukilinganishwa na malaria. Hiyo ndiyo sababu hauogopwi, na ndiyo sababu haumo katika mipango ya wakopeshaji, kampuni za bima wala vyama vya wafanyabiashara. Lakini biashara ndogo haifi kwa sababu mwenyewe amefariki tu. Hufa pia pale mwenyewe anapokuwa hai, hana homa, anatembea, ila vidole havikunjuki na magoti hayanyanyui kitu. Mtu wa namna hiyo haonekani mgonjwa machoni pa mdai wake.

Jina lenyewe ni onyo

Chikungunya si ugonjwa mgeni katika Afrika Mashariki. Ulitambuliwa mara ya kwanza katika uwanda wa juu wa Makonde, wilaya ya Newala, kusini mwa Tanganyika ya wakati huo, katika mlipuko wa mwaka 1952 na 1953. Marion Robinson na W.H.R. Lumsden waliueleza katika maandishi ya kitabibu mwaka 1955. Jina lake limetokana na neno la Kimakonde lenye maana ya kujikunja au kupinda, kwa jinsi mgonjwa anavyotembea akiwa amejipinda kwa maumivu ya viungo.

Wamakonde hawakuuita ugonjwa huo kwa jina la homa. Waliuita kwa jina la kile unachoacha mwilini. Waliona kwamba habari kubwa si joto la siku chache bali ni maungo yanayokataa kunyooka. Miaka zaidi ya 70 baadaye, taasisi nyingi za fedha bado zinahesabu homa na kusahau maungo.

Mwaka 2004 ugonjwa uliibuka Lamu, katika pwani ya Kenya, baada ya kipindi cha ukame kilichowafanya watu wahifadhi maji majumbani. Uchunguzi wa damu uliofanyika baadaye ulionyesha kuwa takriban robo tatu ya wakazi waliambukizwa, makadirio yakiwa watu 13,500. Kutoka hapo ulifika Mombasa, ukavuka bahari kwenda Komoro mwaka 2005, kisha Reunion, ambako watu wapatao 266,000, zaidi ya theluthi moja ya wakazi wote, waliugua katika mlipuko wa 2005 na 2006. India nayo ilihesabu zaidi ya wagonjwa milioni moja walioshukiwa mwaka 2006. Mombasa ilipata mlipuko mwingine mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018. Reunion ilirudiwa tena, na kufikia katikati ya mwaka 2025 wagonjwa waliothibitishwa walikuwa wamepita 50,000.

Msomaji ataona kuwa njia hiyo ya ugonjwa ni njia ya biashara: bandari kwa bandari, kisiwa kwa kisiwa. Panapopita mizigo na abiria, hapo ndipo virusi hupita.

Moto usiozimika

Baada ya kuumwa na mbu mwenye virusi, dalili huanza katika siku chache, kwa kawaida kati ya tatu na saba. Homa hupanda ghafla, kichwa huuma, vipele hutoka kwa baadhi ya watu, na viungo vya mikono, vifundo vya miguu na magoti huvimba. Walio wengi hupata nafuu katika wiki moja au siku kumi.

Tatizo liko kwa wale ambao hawaishii hapo. Kinga ya mwili, iliyoamshwa kupigana na virusi, huendelea kuvimbisha viungo baada ya homa kuondoka. Wataalamu huita hali hiyo sugu pale maumivu yanapopita miezi mitatu. Tafiti hutoa viwango tofauti kulingana na mahali na umri wa watu waliochunguzwa. Baadhi zinasema ni mgonjwa mmoja katika kila wanne, nyingine zinafika nusu au zaidi. Kwa wengine maumivu huenda mwaka mzima au miaka. Wachache hupata baridi yabisi ya kudumu inayohitaji dawa za kutuliza kinga ya mwili, chini ya uangalizi wa daktari bingwa.

Walio katika hatari zaidi ni wenye umri wa kuzidi miaka 40 hivi, wanawake, waliokuwa na matatizo ya viungo tangu awali, na wale ambao homa yenyewe iliwashika vikali. Ukitazama soko lolote la jumla au la rejareja, hao ndio wenye meza. Kijana wa miaka 20 anayesukuma mkokoteni ana nafasi nzuri ya kupona haraka. Mama wa miaka 50 aliyemwajiri ndiye anayebaki amevimba vidole.

Jambo la mwili kuendelea kuwaka baada ya virusi kuondoka si la chikungunya pekee. Mwezi Oktoba 2020, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa kilitoa taarifa ya wagonjwa 27, wote watu wazima, waliopata mvurugiko wa kinga uliovimbisha moyo, tumbo na viungo vingine vya ndani, baadhi yao wiki kadhaa baada ya kuambukizwa virusi vya korona. Hali hiyo ni ya nadra, lakini iliikumbusha dunia kwamba siku ya kupona homa si lazima iwe siku ya kupona mtu. Ulimwengu wa fedha haujalizingatia fundisho hilo.

Soko hufunguliwa saa za maumivu

Uvimbe wa viungo wa aina hii una tabia moja inayogusa biashara moja kwa moja. Mara nyingi huuma zaidi asubuhi. Mtu huamka akiwa amekakamaa, na huhitaji muda mrefu kabla mikono haijafunguka. Ofisini mtu huyo atachelewa kidogo, atakaa kitini, na kazi itaendelea.

Sokoni mambo ni tofauti. Bei nzuri ya jumla hupatikana alfajiri, lori linapofunguliwa. Anayefika saa kumi na moja huchagua tenga lake, hugusa nyanya kwa mkono wake na kuelewana na dalali wakati mzigo bado ni mwingi. Anayefika saa mbili hukuta yaliyobaki, na hukuta bei iliyokwisha kupangwa na waliomtangulia. Ugonjwa huu haumnyang'anyi mfanyabiashara siku nzima. Humnyang'anya zile saa mbili au tatu zinazobeba faida ya siku hiyo.

Kwa hiyo atakuwepo mezani kila siku, majirani watamwona, na mkopeshaji atamwona. Atakachokikosa ni ile tofauti kati ya bei ya kununulia na bei ya kuuzia. Hasara hiyo haionekani kwa macho, huonekana katika daftari tu.

Hesabu ya muuza nyanya

Ichukuliwe hesabu ya mfano, ya kubuni, kwa muuza nyanya na vitunguu mwenye mtaji wa shilingi 3,000,000. Akiwa mzima, faida yake ghafi ni shilingi 30,000 kwa siku. Ushuru, pango la meza na ulinzi ni shilingi 5,000. Kwa siku 26 za kazi anabakiwa na shilingi 650,000. Anarejesha mkopo shilingi 240,000 kwa mwezi, anatumia nyumbani shilingi 350,000, na anaweka akiba shilingi 60,000. Hiyo ni biashara nzuri, na maofisa mikopo wengi wangemwita mteja bora.

Homa inampata, anafunga siku nane. Faida iliyopotea ni shilingi 240,000. Nyanya zilizooza ni shilingi 60,000. Vipimo na dawa ni shilingi 40,000. Jumla ni shilingi 340,000. Hasara hii inauma, lakini ndugu watachanga, upatu utampa zamu ya mapema, naye atarudi kazini.

Sasa ihesabiwe miezi minne inayofuata. Kwa kuchelewa kununua, faida ghafi inashuka kutoka shilingi 30,000 hadi 20,000 kwa siku. Hawezi tena kunyanyua tenga, hivyo anamlipa kijana shilingi 5,000 kila siku. Dawa za maumivu na nauli ya kliniki ni shilingi 30,000 kwa mwezi. Kwa miezi hiyo minne, faida iliyopungua ni shilingi 1,040,000, malipo ya kijana ni shilingi 520,000 na matibabu ni shilingi 120,000. Jumla ni shilingi 1,680,000, karibu mara tano ya hasara ya wiki ya homa.

Itazamwe pia kwa mwezi mmoja. Faida ghafi ni shilingi 520,000. Ukiondoa ushuru na pango, kijana na dawa, inabaki shilingi 230,000. Rejesho la mkopo ni shilingi 240,000. Mama huyu ameshaingia katika upungufu wa shilingi 10,000 kabla chungu hakijawekwa jikoni. Akijumlisha matumizi ya nyumbani, pengo ni shilingi 360,000 kila mwezi. Kwa miezi minne ni shilingi 1,440,000, karibu nusu ya mtaji wake wote.

Hapo ndipo biashara inapokufa. Haifi kitandani. Inakufa taratibu, mezani, mwenyewe akiwa amekaa nyuma yake, akila mtaji ili asionekane kuwa mdeni mbaya. Anapopona, anakuta hana cha kununulia mzigo. Wasambazaji waliokuwa wakimpa mali kauli wameshaanza kumkwepa, kwa kuwa wameona tenga zake zikipungua.

Dhamana inayoanguka kwa pamoja

Mikopo mingi midogo hutolewa kwa vikundi. Wanachama hudhaminiana, mmoja akikwama wengine humlipia. Mpango huo umesaidia maelfu ya watu wasio na hati ya nyumba, na unastahili sifa. Lakini umejengwa juu ya dhana kwamba matatizo huja mmoja mmoja: leo msiba kwa Asha, mwezi ujao wizi kwa Juma.

Mlipuko wa ugonjwa wa mbu haufuati zamu. Lamu mwaka 2004 iliambukizwa robo tatu ya wakazi katika muda wa miezi michache. Kule Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, taarifa za mlipuko wa mwaka 2016 zilieleza kuwa hata nusu ya wafanyakazi wa afya waliathirika. Katika hali kama hiyo kikundi cha watu kumi kinaweza kuwa na saba waliougua, na kati ya hao wawili au watatu wakabaki na viungo vibovu kwa miezi. Wazima watatu hawawezi kuwabeba. Wakijaribu, nao huanguka, na kikundi chote huandikwa kuwa wadaiwa sugu.

Hata yule kijana wa kukodiwa katika hesabu ya hapo juu huenda asipatikane. Hamali nao huugua, na walio wazima hupandisha bei. Wateja nao wako kitandani, mauzo yanashuka upande wa pili pia. Ni kosa kubwa la hesabu kuchukulia msiba wa mji mzima kana kwamba ni jumla ya misiba midogo iliyotokea kwa bahati mbaya siku moja.

Aliyeajiriwa na aliyejiajiri

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza hulipwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata hulipwa nusu. Kenya, kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kiwango cha chini ni siku saba za mshahara kamili na saba za nusu mshahara kwa mwaka, baada ya miezi miwili ya utumishi.

Mwajiriwa wa Dar es Salaam aliyepata chikungunya anaweza basi kukaa miezi kadhaa akitibiwa, cheti cha daktari kikiwa mkononi. Mfanyabiashara aliye mtaa wa pili, anayelipa ushuru kila siku, hana hata siku moja ya namna hiyo. Bima ya afya, akiwa nayo, itamlipia vipimo na vidonge. Haitamlipia tenga ambalo hakuweza kulinunua alfajiri.

Haitakuwa haki kuilaumu bima kwa jambo ambalo haikuahidi. Kinachotakiwa ni bidhaa nyingine: bima ndogo ya kipato, inayolipa kiasi cha siku kwa muda maalumu pale daktari anapothibitisha kuwa mtu hawezi kazi yake. Vyama vya akiba na mikopo vina nafasi nzuri ya kuinunua kwa pamoja kwa niaba ya wanachama wao, kwa sababu mmoja mmoja gharama ya kuandikisha na kuhakiki hula ada yote. Bima hiyo ifike walau miezi mitatu. Inayokatika baada ya siku 14 italipia homa tu na kuiacha hasara kubwa ilivyo.

Kila homa si malaria

Upinzani mkubwa wa pendekezo lolote la namna hii ni swali la ushahidi: mkopeshaji atajuaje kuwa mtu ameugua kweli? Swali hilo ni halali, na jibu lake linaanzia zahanati.

Utafiti uliofanywa katika hospitali mbili za Moshi mwaka 2007 na 2008, kwa wagonjwa 870 waliolazwa wakiwa na homa, ulionyesha kuwa 528 kati yao waliandikiwa malaria. Waliokuwa nayo kweli kama chanzo cha homa walikuwa 14. Katika utafiti huohuo, kati ya wagonjwa 700 waliopimwa virusi vinavyoenezwa na mbu, 55 walikutwa na chikungunya. Tangu wakati huo vipimo vya haraka vya malaria vimeenea na hali imeboreka, lakini mazoea ya kuita kila homa malaria hayajaisha mitaani.

Kwa mfanyabiashara, cheti kisicho sahihi kina gharama mbili. Kwanza hununua dawa isiyomhusu, mara nyingine zaidi ya mara moja. Pili, hupoteza ushahidi. Vipimo vya virusi vyenyewe hufanya kazi vizuri katika wiki ya kwanza, vile vya kinga iliyotengenezwa mwilini hufaa baada ya hapo. Anayekuja miezi mitatu baadaye na vidole vilivyovimba, akiwa na cheti kilichoandikwa malaria, atakuwa na kazi kubwa ya kumshawishi ofisa mikopo.

Ushauri kwa mwenye biashara ni rahisi. Homa kali yenye maumivu ya viungo na kipimo cha malaria kisichoona kitu ni sababu ya kumwomba daktari afikirie chikungunya na dengi, na aandike hivyo katika cheti. Kwa maumivu ya mwanzo, madaktari hushauri paracetamol na maji ya kutosha. Aspirini na dawa nyingine kali za uvimbe zisinywewe kabla dengi haijaondolewa katika mashaka, kwa kuwa dengi inaweza kusababisha kuvuja damu.

Wakopeshaji watapata faida

Kuna watakaosema kwamba kulegeza marejesho ni kufungua mlango wa ujanja. Wapo wakopaji wajanja, hilo halibishaniwi. Lakini kinachopendekezwa si msamaha wa deni.

Ikirejewa hesabu ya muuza nyanya, mkopeshaji angekubali nusu ya rejesho kwa miezi minne, yaani shilingi 120,000 badala ya 240,000, angeokoa shilingi 480,000 ndani ya mtaji wa mteja wake. Fedha hizo hazipotei. Ni marejesho mawili yanayosogezwa mbele hadi mwisho wa mkataba. Mbadala wake ni mteja kumaliza mtaji, kushindwa kabisa, na mkopeshaji kubaki na meza, mizani na mashine ya kushonea ya mdhamini, vitu ambavyo mnadani havifikii deni.

Ni kweli kwamba mkopeshaji naye ana wadai wake, na pia ana amana za watu. Ndiyo maana kifungu hicho kiandikwe katika mkataba mapema, mlipuko haujatokea, kikiwa na masharti: cheti ndani ya wiki mbili za homa, uhakiki wa daktari baada ya miezi mitatu, na kikomo cha miezi minne au sita. Mkopo wenye kifungu cha namna hiyo unaweza kuwa na riba ya juu kidogo. Wakopaji wenye busara wataikubali, kama wanavyokubali kulipa mlinzi wa usiku kwa mwizi ambaye huenda asije.

Mwekezaji mdogo aangalie nini

Kwa mwenye hisa chache au anayefikiria kuweka akiba yake katika chombo cha fedha, funzo lipo pia. Anaposoma ripoti ya mwaka ya taasisi inayokopesha wafanyabiashara wadogo, asiridhike na kiwango cha mikopo mibovu peke yake. Aulize mikopo hiyo imetawanyika vipi. Taasisi yenye wateja 10,000 katika mji mmoja wa pwani ina hatari ambayo haionekani katika mwaka wa kawaida.

Sekta ya hoteli nayo haina kinga. Reunion ilipopata mlipuko wa 2005 na 2006, idadi ya watalii mwaka 2006 ilishuka kwa karibu theluthi moja. Anayewekeza Zanzibar, Mombasa au Lamu hana budi kuuliza kama menejimenti ya hoteli inafukia madimbwi au inanunua dawa ya kunukiza tu.

Wapo pia watakaoona fursa katika kampuni za chanjo. Watahadhari. Chanjo ya kwanza, Ixchiq ya kampuni ya Valneva, ilipata kibali Marekani mwezi Novemba 2023. Zikafuata taarifa za madhara makubwa, hasa kwa wazee, na mwezi Agosti 2025 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilisimamisha leseni yake. Chanjo ya pili, Vimkunya ya Bavarian Nordic, ilipata kibali Marekani na Ulaya mwezi Februari 2025. Ugonjwa kuwa mkubwa hakumaanishi hisa za mtengeneza dawa ni salama. Wala mfanyabiashara wa kawaida asijenge mipango yake juu ya chanjo ambayo haiuzwi katika zahanati ya mtaa wake.

Maji ya sokoni

Kinga ya bei nafuu zaidi iko miguuni pa wafanyabiashara wenyewe. Mbu anayeeneza chikungunya, aina ya Aedes, huuma mchana, saa za biashara. Chandarua cha usiku hakimzuii. Huzaa katika maji machache yaliyotulia: pipa lisilofunikwa, tairi bovu, kopo, turubai lililobonyea, kifuu cha nazi. Katika joto la pwani, yai hadi mbu anayeruka ni jambo la wiki moja au zaidi kidogo, na mayai yanaweza kukaa makavu kwa miezi yakisubiri mvua.

Hesabu yake ni nyepesi. Soko likimwaga na kufunika maji yake yote mara moja kwa wiki, mzunguko wa mbu hukatika kabla haujakamilika. Kazi hiyo inahitaji saa mbili, vijana wanne na kiongozi wa soko anayejua kukagua. Kila meza hulipa ushuru kila siku, na ni halali kabisa wafanyabiashara kudai sehemu ndogo ya ushuru huo irudi katika kazi hiyo, kwa ratiba iliyobandikwa ukutani, badala ya kusubiri mlipuko ndipo gari la kupuliza dawa lipite mara mbili mbele ya wapiga picha.

Mambo manne yanaweza kuanza bila kusubiri bajeti ya serikali. Vyama vya masoko vipange siku ya kumwaga maji. Vyama vya akiba na mikopo viandike kifungu cha ugonjwa wa muda mrefu katika mikataba mipya. Kampuni za bima zitengeneze bima ya kipato ya miezi mitatu kwa vikundi. Na kila mwenye meza amfundishe mtu mmoja, mtoto au msaidizi, kununua alfajiri kwa niaba yake, pamoja na kuandika daftari ambalo mwingine anaweza kulisoma.

Hilo la mwisho halina gharama yoyote, na huenda ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa wafanyabiashara wengi hawapendi siri ya bei yao ijulikane. Lakini aliyeshika bei zote kichwani mwake peke yake, siku vidole vyake vikikataa kukunjuka, atakuwa amefunga biashara hata kama meza iko wazi.